Maoni Yetu: Mpango wa upimaji utangulie programu

Timu yoyote inayoandika programu ya kuzungumza na mashine nyingine mtandaoni iwe na mpango wa upimaji kabla haijaandika mstari wa kwanza wa programu yenyewe. Mpango huo utoke kwenye maandishi ya itifaki. Uandikwe na mtu asiyeandika programu hiyo. Sehemu yake kubwa ihusu ujumbe mbovu, ujumbe uliochelewa na ujumbe wa uongo. Huu ndio msimamo wetu, na tunausema bila kuzunguka kwa sababu historia ya intaneti na ya simu ina hasara kubwa ambazo jaribio moja fupi lingezizuia.

Itifaki ni makubaliano ya namna mashine mbili zinavyoongea: nani aanze, aseme nini, asubiri kwa muda gani, na afanye nini akipokea asichokielewa. Anayeitekeleza itifaki anaandika upande mmoja tu wa mazungumzo. Upande wa pili uko mikononi mwa watu asiowajua. Huko kuna mashine ya kampuni nyingine iliyoandikwa miaka 20 iliyopita, kuna simu inayozimika betri katikati ya ujumbe, na kuna mwizi anayetunga ujumbe kwa makusudi ili aone kitakachovunjika. Ndiyo maana upimaji wa itifaki haufanani na ule wa programu ya kupanga mishahara ofisini. Hapa anayekuletea data huna mamlaka juu yake.

Tuchukue mfano ulio wazi kuliko yote. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, programu ya bure inayotumiwa na seva nyingi sana duniani kufunga mawasiliano yasisomwe njiani. Kampuni ya Netcraft ilikadiria kuwa seva takribani nusu milioni zenye vyeti vinavyoaminika zilikuwa wazi kwa kasoro hiyo. Nchini Kanada, mamlaka ya kodi ilisimamisha huduma zake za mtandaoni, kisha ikatangaza kwamba namba za utambulisho za watu wapatao 900 zilikuwa zimechukuliwa.

Kasoro yenyewe ilikaa katika kipengele kidogo kilichoitwa mapigo ya moyo. Mashine moja humtumia mwenzake ujumbe mfupi kuhakikisha kwamba bado yupo, na mwenzake humrudishia maneno yaleyale. Ndani ya ujumbe kuna namba inayotaja urefu wa maneno hayo. OpenSSL iliiamini namba hiyo bila kuilinganisha na kilichofika kweli. Aliyetuma neno moja na kudai kuwa ametuma baiti 65,000 alirudishiwa neno lake, pamoja na maelfu ya baiti zilizokuwa jirani yake katika kumbukumbu ya seva. Humo mlikuwa na majina, nywila, barua, na wakati mwingine ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Aliweza kurudia kadiri alivyotaka, na kwa kawaida seva haikuandika popote kwamba kuna lisilo la kawaida.

Sasa tusome itifaki yenyewe. Kipengele hicho kimeelezwa katika waraka RFC 6520, mmoja wa nyaraka za RFC zinazoeleza itifaki za intaneti, uliotolewa Februari 2012. Waraka unasema waziwazi kwamba ujumbe ukitaja urefu uliozidi kiasi, ni lazima utupwe kimyakimya. Sentensi ilikuwepo. Toleo la OpenSSL lenye kasoro lilitoka tarehe 14 Machi 2012, mwezi mmoja tu baada ya waraka huo. Aliyeandika kipande hicho hakuona kwamba ukaguzi umesahaulika, wala aliyekipitia hakuona. Wote wawili walikuwa watu wanaoijua kazi yao. Kilichokosekana ni jaribio la kutuma ujumbe wenye urefu wa uongo na kungoja kimya. Kasoro ikakaa miaka miwili na zaidi, na marekebisho yake yalikuwa mistari michache.

Hapo ndipo mpango wa upimaji unapoanzia, na hili ndilo jambo la kwanza: utoke kwenye maandishi ya itifaki. Tangu mwaka 1997, waraka RFC 2119 umeweka maana kamili ya maneno ya amri yanayotumika katika viwango vya intaneti: lipi ni lazima, lipi linapendekezwa, lipi ni hiari. Mpimaji achukue waraka wa itifaki yake na kalamu, apige mstari chini ya kila amri, kisha aiingize kwenye jedwali. Safu ya kwanza iwe ya sentensi. Safu ya pili iwe ya jaribio litakaloithibitisha, na ya tatu iwe ya jibu linalotarajiwa. Sentensi isiyo na jaribio itaonekana kwa macho, kwa sababu mbele yake patakuwa peupe. Mkuu wa kazi asiyejua hata kuandika programu ataweza kuliona pengo hilo na kuuliza.

Kazi hii haiwezi kuachiwa mwandishi wa programu peke yake. Anayejitungia mtihani na kujisahihishia hufaulu kila mwaka. Aliyesahau kukagua urefu wakati wa kuandika programu atasahau pia kuuandikia jaribio, kwa kuwa kosa la kwanza na la pili chanzo chake ni kimoja: jinsi alivyousoma waraka. Msomaji wa pili, anayeanzia kwenye waraka bila kuiona programu, husoma kwa macho mengine. Wakitofautiana, mara nyingi huwa wamegundua sentensi yenye utata, na huo ni ugunduzi wa thamani kabla haujagharimu kitu.

Jambo la pili ni wingi wa ujumbe mbovu. Timu nyingi hupima kama salamu inajibiwa, faili linafika na malipo yanapita, kisha hutangaza kwamba kazi imekwisha. Mapigo ya moyo ya OpenSSL yangefaulu majaribio ya namna hiyo kila siku, kwa kuwa ujumbe wenye urefu sahihi ulijibiwa sawasawa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Finland, walithibitisha ukubwa wa tatizo hili kupitia mradi wao wa PROTOS. Walichukua SNMP, itifaki ya kusimamia ruta, swichi na printa ambayo ilikuwa ikitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Walitunga makumi ya maelfu ya ujumbe uliokosewa kwa utaratibu: urefu usiolingana, namba hasi pasipotakiwa, maandishi marefu kupita kiasi, muundo uliokatika katikati. Kisha wakazirushia bidhaa zilizokuwa sokoni. Februari 2002 kituo cha usalama wa kompyuta cha CERT cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba bidhaa za kampuni nyingi zilianguka, na nyingine zingeweza kutekwa na mshambuliaji. Itifaki ilikuwa na zaidi ya miaka kumi kazini. Kutumika kwa muda mrefu hakukuwa ushahidi wa kupimwa.

Leo zana za kutunga ujumbe mbovu kwa wingi zinapatikana bure. Mwaka 2015 mwandishi wa habari na mtafiti wa Ujerumani, Hanno Böck, alionyesha kwamba zana ya namna hiyo, ikiunganishwa na kifaa cha kugundua usomaji haramu wa kumbukumbu, huiibua kasoro ya Heartbleed katika muda wa saa chache. Saa chache za kompyuta ya kawaida zingetosha kuiona kasoro iliyojificha miaka miwili. Kwa hiyo timu inayosema haina uwezo wa kufanya upimaji huu ina deni la kueleza ni uwezo gani hasa inaoukosa.

Jambo la tatu ni muda na mpangilio. Ujumbe unaweza kuwa sahihi kila herufi, ukaleta maafa kwa sababu tu umefika mapema. Alasiri ya tarehe 15 Januari 1990, swichi moja ya simu ya kampuni ya AT&T jijini New York ilipata hitilafu ndogo, ikajitoa kazini kwa sekunde chache, ikajirekebisha na kurudi. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Iliporudi ilianza kupeleka simu kwa swichi jirani, na jirani hizo zilipokuwa bado zinaandika kwamba mwenzao amerejea, zikapokea ujumbe wa pili kabla ya kuumaliza wa kwanza. Programu mpya iliyopakiwa Desemba iliyotangulia ilikuwa na amri moja iliyokaa mahali pasipo pake. Data ikaharibika, swichi hizo nazo zikajitoa kazini, na kila iliyorudi ikaziangusha jirani zake kwa njia ileile. Swichi 114 zilikuwa katika mtandao huo. Kwa takribani saa 9, karibu nusu ya simu za masafa zilizopigwa kupitia AT&T hazikupita.

Hakuna aliyeshambulia, na ujumbe wote ulikuwa halali. Kosa lilikuwa katika njia ya kupona, na njia ya kupona ndiyo inayopimwa kidogo kuliko zote kwa sababu haitumiki mara kwa mara. Mpango mzuri huandika hali zote ambazo mazungumzo yanaweza kuwamo: kufungua, kungoja, kutuma, kufunga, kurudi baada ya kuanguka. Kisha huuliza, kwa kila hali, itakuwaje kila aina ya ujumbe ikifika hapo. Ufike mara mbili. Ufike umechelewa. Ufike wakati mpokeaji anamshughulikia mwingine. Uunganisho ukatwe kabla ya jibu na baada ya jibu. Jedwali hilo huwa refu, na ndani ya urefu huo ndimo kasoro za namna ya AT&T zinamopatikana.

Jambo la nne ni kupimana na wengine. Programu inayoongea vizuri na nakala yake yenyewe haijathibitisha kitu kikubwa, kwa kuwa pande zote mbili zina kosa lilelile na zinaelewana katika kosa hilo. Wazee wa intaneti walilijua hili mapema. Septemba 1987, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyekuwa mhariri wa nyaraka za RFC, alitoa RFC 1025, waraka wa mashindano ya kupima programu za TCP na IP, itifaki za msingi za intaneti, kwa kuzikutanisha. Alama zake zinaeleza kila kitu. Kufungua mazungumzo na wewe mwenyewe kulipata alama 1. Kuhimili pakiti iliyotungwa kwa makusudi ili ikuangushe kulipata alama 10. Aliyefanya mazungumzo mengi zaidi kwa wakati mmoja na programu za TCP zilizo tofauti aliongezewa alama 50. Wahandisi waliokuwa wanaijenga intaneti walijua thamani iko wapi, wakaiandika kwa namba.

Mwendo huo haujapitwa na wakati. QUIC, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya vivinjari leo, ilipata hadhi ya kiwango Mei 2021 kwa RFC 9000. Kabla ya hapo, timu zilizokuwa zinaiandika kila moja kwa upande wake zilikuwa zimekwisha kukutanishwa kwa miaka kadhaa. Mashine ya upimaji ilichukua kila programu ya mteja, ikaikutanisha na kila programu ya seva, na matokeo yakawekwa wazi kila mtu ayaone. Timu zilizokuwa washindani sokoni zilikubali kuonyeshana makosa. Kila mmoja alifaidika.

Jambo la tano ni namna ya kukosea kwa usalama. Tarehe 27 Agosti 2010, RIPE NCC, shirika linalogawa anwani za intaneti Ulaya, likishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, lilitangaza kupitia BGP, itifaki ambayo ruta huitumia kutangaziana njia za intaneti, ujumbe wenye sifa ambayo ruta hazikuwa zimewahi kuiona. Ujumbe huo ulikuwa halali. Baadhi ya ruta za Cisco ziliuharibu kabla ya kuupitisha mbele. Ruta zilizoupokea ukiwa umeharibika zilitii kanuni ya wakati huo: zikakata mazungumzo yote na jirani aliyeuleta, zikazitupa njia zote alizowahi kuzitangazia. Sehemu ya intaneti ikayumba mpaka jaribio liliposimamishwa. Mwaka 2015 kanuni ikabadilishwa kwa RFC 7606, ambayo inataka katika hali nyingi kosa la ujumbe mmoja liishie kwenye njia zinazotajwa na ujumbe huo.

Funzo kwa mpangaji ni kwamba jaribio halimaliziki pale programu inapokataa ujumbe mbovu. Aendelee kuangalia kilichotokea baada ya kukataa. Je, wateja wengine bado wanahudumiwa? Kumbukumbu imerudishwa? Msimamizi ameandikiwa taarifa anayoweza kuielewa saa 8 usiku? Na ujumbe halali unaofuata bado unajibiwa?

Haya yanatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mamilioni ya watu wetu hulipa karo, umeme, maji na nauli kwa simu. Muamala mmoja hupita katika mifumo ya mtandao wa simu, benki na taasisi inayolipwa, na kila mfumo umeandikwa na watu tofauti. Jibu la kwamba fedha zimepokewa likipotea njiani, mtumaji hubaki na swali: atume tena au asubiri? Akituma tena, mpokeaji atajuaje kuwa ni malipo yaleyale? Majibu ya maswali haya yanatakiwa yawe yamepimwa kwa kukata mawasiliano katika kila hatua na kuhesabu fedha pande zote mbili. Yasipopimwa, anayelipia uzembe ni muuza genge aliyekatwa mara mbili, anayepiga simu ya huduma kwa wateja akiwa hana ushahidi zaidi ya ujumbe mfupi. Hatukubali mtu huyo ageuzwe mpimaji wa bidhaa ambayo haijakamilika.

Tunajua hoja inayorudi kila mara, kwamba muda hautoshi na bajeti ni finyu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. OpenSSL iliyobeba siri za dunia ilikuwa ikitunzwa na watu wachache, na taasisi yake ilipokea michango ya takribani dola 2,000 tu kwa mwaka. Kampuni kubwa zilizokuwa zikiitumia bila kulipa zilifungua mfuko wa kuisaidia baada ya madhara kutokea. Lakini uchache wa muda ndiyo sababu ya kuwa na mpango. Asiye na mpango hupima kilicho rahisi, muda ukamwishia kabla hajafika kwenye hatari.

Mwenye muda mfupi apange kwa uzito. Aanze na sehemu zinazofikiwa na mtu yeyote kabla hajajitambulisha, kwa kuwa hapo ndipo mwizi anapoanzia. Afuatie kila mahali ambapo programu inaamini namba iliyoletwa na mwingine: urefu, idadi, nafasi. Kisha apime kupona baada ya kuanguka, halafu mzigo mkubwa. Kisichopimwa kiandikwe pia, pamoja na jina la aliyekubali kisipimwe. Vigezo vya kuzuia toleo lisitoke viwekwe mapema, kabla shinikizo la tarehe ya uzinduzi halijaanza kuwalainisha watu. Na kila kasoro itakayopatikana igeuzwe jaribio la kudumu, liendeshwe kila programu inapoguswa, ili kosa lililofukuzwa lisirudi kwa mlango wa nyuma.

Tunataka mambo manne. Wakuu wa timu za programu wampe mpimaji nafasi mezani tangu siku ya kwanza, na wampe mamlaka ya kuzuia toleo. Taasisi zinazonunua mifumo, za umma na za binafsi, ziweke mpango wa upimaji na matokeo yake katika masharti ya zabuni, na ziwe na mtu wa kuusoma. Benki kuu na mamlaka za mawasiliano za nchi zetu ziitishe siku za kupimana, ambapo kila mfumo unaotaka kuunganishwa na mifumo ya taifa ya malipo unakutanishwa kwanza na iliyopo, ukirushiwa ujumbe mbovu na kukatiwa mawasiliano makusudi. Vyuo vikuu navyo vimpe mwanafunzi waraka wa itifaki na kumdai mpango wa upimaji wenye alama zake kabla ya kumruhusu kuandika programu.

Hakuna kati ya haya linalohitaji teknolojia mpya au ruhusa kutoka ng'ambo. Nyaraka za RFC ni bure, zana ni bure, na mifano ya waliotangulia iko wazi kwa anayetaka kujifunza. Kinachodaiwa ni nidhamu ya kusoma kabla ya kuandika, na uthubutu wa kumwambia mkubwa kwamba bado. Mnunuzi ndiye mwenye nguvu kubwa kuliko wote hapa, kwa hiyo aitumie. Atakayemletea programu bila mpango wa upimaji, asimlipe. Amrudishe akaulete.